Iache "after" palepale

Shuleni nilifundishwa kwamba sentensi nzuri ya Kiingereza haiishii na kihusishi, yaani neno dogo kama "on", "with" au "to". Nikaishika kanuni hiyo kama amana. Miaka ikapita, nikaanza kuishi kwa kazi ya kutafsiri, na siku moja ikanijia barua ya muuguzi anayesimulia habari za bibi anayemtunza. "Bibi ninayemtunza" nikaiandika "the old woman after whom I look". Mhariri aliyeipitia aliyazungushia duara maneno manne ya mwisho, akaandika pembeni kwamba hakuna anayesema hivyo.

Iliniuma, maana kanuni nilikuwa nimeifuata.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ndani ya "look after", neno "after" halina tena maana yake ya "baada ya" wala "nyuma ya". Limeshaungana na "look", na kwa pamoja yamezaa kutunza. Ukiling'oa na kulipeleka mbele, kutunza kunapotea na kubaki kutazama tu. Sahihi ni "the old woman I look after", basi.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni "run up". Mtu anaweza kukimbia kupanda kilima, na anaweza kujilimbikizia deni. Vyote viwili Kiingereza kinaviita "run up". Kwa kilima unaweza kusema "the hill up which he ran", kwa sababu "up" bado inaonyesha mwelekeo wa juu. Kwa deni, "the bill up which he ran" haikubaliki kabisa. Ni "the bill he ran up". Tangu hapo kila nikiwa na shaka huuliza: hili neno dogo bado lina maana yake yenyewe? Kama limeshaipoteza, siligusi.

Kosa jingine tunalitoa nyumbani kwa lugha yetu. Tunasema "mkutano tuliouahirisha", na mle ndani "o" inarejesha, "u" inataja mkutano kwa mara nyingine. Kwetu ni sahihi na inapendeza. Ndiyo maana mkono huandika wenyewe "the meeting which we put it off". Hiyo "it" haitakiwi, kwani mkutano umeshatajwa na "which".

Lakini Kiswahili hichohicho ndicho kilichonituliza, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Tazama "kiti nilichokalia", "kisu nilichokatia nyama", "rafiki niliyemwandikia". Kazi ambayo Kiingereza kinawapa "on", "with" na "to", sisi tumeipa kauli ya kutendea, na ile kauli inakaa ndani ya kitenzi, mwishoni mwake. Hatuoni ajabu yoyote. Kwa hiyo ninaposoma "the chair I sat on", siisikii tena kama sentensi iliyokatika njiani. Naisikia kama "nilichokalia".

Na ile kanuni ya shuleni? Mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kumalizia sentensi na kihusishi mwaka 1672, wakati Jonson alishafariki tangu 1637. Lawama ikasikika, lakini Waingereza wenyewe hawakuacha kuzungumza hivyo.

Vitenzi vya maneno matatu ndivyo vinavyohitaji uangalifu, kwa sababu neno la mwisho huanguka kirahisi. "Siku ninayoitazamia kwa hamu" wengi huiandika "the day I am looking forward", kwa kuwa baada ya "to" hakuna kitu. Mimi huirudisha kwanza iwe sentensi ya kawaida, "I am looking forward to the day", nikahesabu maneno ya kitenzi: matatu. Halafu naihamisha "the day" peke yake kwenda mbele, nikahesabu tena. Yakiwa mawili, narudi kulitafuta lililoanguka.