Usimuulize Maswali

Mama alinipa maagizo mawili siku aliyonituma Kadutu kwa Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. La kwanza, nisimwache peke yake na mtoto. La pili, nisimuulize maswali. Nilikuwa na miaka 15, likizo ya Pasaka ya mwaka 2008 imeanza, na kwetu Bagira, mjini Bukavu mashariki mwa Kongo, si ajabu msichana kutumwa kwa dada yake aliyejifungua ili ateke maji, afue nepi na kupika sombe. Kutumwa hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni lile agizo la pili, na jinsi Mama alivyolisema bila kunitazama.

Mwaka ule Bukavu ilikuwa haijatulia. Jumapili ya tarehe 3 Februari, asubuhi, watu wakiwa makanisani, lilipita tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kuta zilipasuka, watu wakafa upande wetu na zaidi upande wa Rwanda. Ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo siku nyingi, na familia nyingi zililala nje. Yaya naye, mimba imefika miezi minane na zaidi, alilala uani juu ya mkeka. Alijifungua mwisho wa mwezi uleule. Kwa hiyo alipoacha kulala, kila mtu alikuwa na jibu tayari: ni hofu ya tetemeko, itapita. Wengine wote walisharudi kulala ndani na kukoroma. Yeye alikaa macho hata mtoto akiwa amelala, na hilo hakuna aliyelitia maanani.

Mchana nyumba ilijaa. Akina mama walikuja kuona mtoto, wakaleta sabuni, unga, kitenge. Mtoto alipita mkono hadi mkono, wakasema ana pua ya babu yake, wakauliza alizaliwa na kilo ngapi. Yaya alicheka panapostahili kucheka. Mlango ukishafungwa uso wake ulizima kama taa SNEL wakikata umeme. Uji wa sosoma niliompikia uliganda kikombeni. Alimnyonyesha mtoto akiangalia ukutani, halafu akamweka chini taratibu mno, kama anayerudisha kitu cha mtu. Shemeji alikuwa Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa akipiga simu mara moja kwa wiki, na Yaya alimwambia kila kitu ni sawa.

Nikanyamaza. Nilidhani nikinyamaza namheshimu.

Usiku wa kuamkia Pasaka mvua ilipiga mabati mpaka sauti zetu hazikusikika. Niliamka nikamkuta Yaya amekaa ukingoni mwa kitanda, taa ya peteroli sakafuni, mtoto mapajani. Alikuwa halii. Akaninyooshea mtoto.

"Mubebe," akasema. "Miye siko mama yake. Akikaa na miye atakufa."

Nilimpokea, nikamfunga mgongoni kwa kitenge kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu. Nilisimama pale pengine dakika moja, pengine kumi. Halafu nikavunja agizo la Mama.

"Yaya, uko unawaza nini?"

Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni siku nyingi. Alisema anamsikia mtoto analia hata akiwa kimya. Alisema anapomtazama hahisi chochote, na mama asiyehisi chochote ni mnyama. Alisema angekuwa hayupo tungepumzika sote. Nikamuuliza, sauti ikinitetemeka, kama alitaka kufa. Akasema, "Siku zingine, ndiyo." Ndipo akalia.

Sikumwacha. Niligonga ukuta wa mbao kwa ngumi, mara nyingi, mpaka mama jirani akasikia. Alikuwa anauza sambaza sokoni Kadutu, mwanamke mkubwa, mjane, mikono yake ilinuka samaki hata Jumapili. Alikuja na kitenge kichwani, amelowa, akatutazama wote watatu. Sikujua namna ya kumweleza. Nikasema tu: "Mama, halali. Anasema anataka kufa."

Hakupiga kelele, wala hakumwambia Yaya amshukuru Mungu kwa mtoto mzima, maneno ambayo tulikuwa tumeyasikia wiki nzima. Alifungua kitenge mgongoni mwangu, akamchukua mtoto, akaniagiza niwashe makaa nipashe uji. Alimshikia Yaya kikombe mpaka kikaisha. Kisha akaketi kwenye kiti mbele ya mlango, mtoto kifuani, akasema:

"Lala. Niko macho. Akitaka ziwa nitakuamsha, asipotaka sikuamshi."

Baadaye kidogo, nadhani aliamini mimi nimelala, akaongeza polepole: "Mimi pia, kwa mtoto wangu wa ine. Sikumwambia mtu."

Yaya alilala mpaka kengele za Pasaka.

Singependa msomaji adhani alipona asubuhi ile. Mama alikuja mchana pamoja na wamama wawili wa kanisani, na hapo tulishindana kwa maneno. Wao walitaka apelekwe chumba cha maombi. Mtu akataja Sosame, kituo cha magonjwa ya akili, na Mama akaziba masikio, kwa sababu mjini kwetu jina hilo likishagusana na la binti yako halibanduki. Nilielewa siku ile kwa nini alinikataza maswali: aliogopa kwamba jambo likitajwa litakaa. Mama jirani aliwasikiliza wote, akasema kusali tutasali, na kesho hospitali tutaenda. Mama alikubali kwa shida.

Tulianzia kituo kimoja ambako mtoto alipimwa kilo, tukapongezwa, tukaambiwa turudi kwa chanjo. Yaya hakuangaliwa hata usoni. Sikusahau, na sijasamehe vizuri. Mahali pa pili, mkunga mzee alifunga mlango akatueleza kwamba machozi ya siku za kwanza huwapata wazazi wengi na hukauka kabla ya wiki mbili kwisha. Ya Yaya yalikuwa yameingia wiki ya nne na yanazidi. Akaupa ugonjwa jina, sonona ya baada ya kujifungua, akasema unatibika, akampangia siku za kurudi. Nyumbani tuligawana usiku: Mama zamu ya kwanza, mama jirani alfajiri kabla ya soko, mimi katikati. Shemeji aliposhuka kutoka Kamituga alikaa na kichwa mikononi. Naye hakuwa analala huko mashimoni, wala hakuna aliyemuuliza.

Nilisomea uuguzi baadaye. Darasani tulipewa karatasi ya maswali 10 iliyotungwa Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1987. Mzazi anajibu alivyojihisi siku saba zilizopita: kama bado anaweza kucheka, kama huzuni inamnyima usingizi. La mwisho linahusu wazo la kujidhuru. Nilitoka nje nikalia, kwa kuwa swali hilo nilishaliuliza kwa taa ya peteroli. Mwalimu alirudia mara mbili kwamba kuliuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nilisoma pia utafiti wa vijijini Pakistan, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2008. Wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wa kawaida waliomaliza sekondari, walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona tangu mwezi wa mwisho wa mimba. Mtoto alipofikisha miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23. Kwa waliotembelewa na wahudumu wasiopata mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53. Nikamwona mama wa sambaza kwenye kiti chake mbele ya mlango.

Yaya alipata mimba nyingine mwaka 2012. Niliogopa kuliko yeye. Wiki ya pili baada ya kujifungua alinipigia simu saa nane usiku: "Mudogo wangu, imeanza tena. Kuja." Nilipanda Kadutu alfajiri, karatasi ikiwa mkobani, nikijipangia njiani namna ya kuanza bila kumtisha. Nilimkuta shemeji amembeba mtoto, anatembea naye chumbani. Yaya alinisogezea nafasi kitandani, akafuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Haya," akasema. "Uliza."