Kukusanya feruzi kwenye kisiwa kisicho na shaba

Hapa Unguja huwezi kuchimba feruzi, lile jiwe la vito la samawati. Chini ya miguu yetu kuna mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, kuna mchanga, kuna udongo, basi. Pemba nako ni vivyo hivyo. Feruzi na ndugu zake wa rangi ya kijani na samawati hupatikana pale penye shaba ardhini, maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa za miamba na kuigeuza shaba ile kuwa kitu kingine. Kwa hiyo mtu wa visiwani akitaka kukusanya mawe haya, machimbo yake ni watu: masonara, wenye maduka ya watalii, mabibi wenye pete za zamani, jamaa wanaofanya biashara Tunduma na Lubumbashi.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Nina kisanduku cha mbao nilichokigawa vijumba na kutandika pamba, na kila jiwe lililomo nalijua ni nini. Kuyapata mawe si kazi kubwa, pesa kidogo na subira vinatosha. Kazi ni kuyajua.

Nilianzia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako shanga za samawati zenye mishipa myeusi huning'inia kila mlango na huitwa feruzi bila ya kusitasita. Nilichukua kamba moja ya shanga hizo nikampelekea sonara mmoja mzee ninayeheshimiana naye. Nikamuuliza, "Mzee, hii ni feruzi?" Hakuutazama hata uso wake. Aliiinua moja kwenye mwanga, akanirudishia: "Mwalimu, uso umepakwa. Chungulia tunduni."

Ndani ya tundu mlikuwa mweupe pe. Jiwe lile kwa asili ni jeupe lenye mishipa ya kijivu, huitwa hauliti, na lina vinyweleo vinavyofyonza rangi vizuri sana. Kuna jingine, magnesaiti, nalo hupakwa vivyo hivyo. Yote mawili hayana shaba hata chembe. Tangu hapo sinunui shanga bila kuchungulia tundu kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu mpakaji mvivu rangi yake haifiki ndani. Mpakaji hodari huifikisha, na hapo nachukua pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile yenye asetoni, nikasugua mahali pasipoonekana. Pamba ikigeuka samawati, mazungumzo yamekwisha. Isipogeuka bado hujui kitu, maana rangi nyingine hufunikwa kwa gundi ngumu isiyotoka kwa asetoni.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni mizani, ile midogo ya mfukoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kwanza napima jiwe likiwa kavu. Kisha naweka bilauri ya maji juu ya mizani, nairudisha kwenye sifuri, nalifunga jiwe kwa uzi na kulizamisha likielea katikati bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Nagawanya ule wa kwanza kwa huu wa pili. Jiwe la gramu 14.2 likisukuma maji gramu 5.3, jibu ni kama 2.7, na feruzi huwa kati ya 2.6 na 2.9. Malakaiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ya duara, hufika 3.6 hadi 4, na azuraiti ya buluu iliyoiva haiko mbali nayo. Krisokola, jiwe jingine la shaba ambalo kwa macho tu limewahadaa wengi, mara nyingi haifiki 2.4. Plastiki hudondoka kabisa, karibu na 1 na kitu. Ukishazoea, mkono wako utaanza kukupa jibu kabla ya mizani: malakaiti ya kweli ni nzito na baridi kiganjani, ya plastiki ni nyepesi na hupata joto upesi.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Hauliti ni kama 2.5 au 2.6, jirani mno na feruzi. Amazonaiti nayo, ambayo ni jamii ya feldispa, madini ya kawaida ya miamba, na kijani chake hakitokani na shaba, imo humohumo. Hapo ndipo ugumu unapoamua. Kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, hauliti ni 3.5, feruzi nzuri ni 5 hadi 6, amazonaiti ni 6 hadi 6.5. Msumari wa chuma huikwaruza hauliti bila shida na huteleza juu ya feruzi nzuri, na amazonaiti yenyewe hukikwaruza kioo cha dirisha. Nasema feruzi nzuri kwa makusudi. Ipo feruzi laini kama chaki ambayo haifai kuvaliwa mpaka ishindiliwe gundi, na nyingi iliyoko sokoni duniani imepitia hayo. Sioni ubaya, mradi muuzaji aseme. Ubaya ni ule unga wa feruzi uliokandwa na gundi ukakatwa vipande, kisha ukauzwa kwa bei ya jiwe zima.

Kwa mawe ghafi, yaani yasiyochongwa, nina kigae cha kauri nilichokiomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga choo cha jirani. Nakigeuza upande wa nyuma usiong'aa na kulipitisha jiwe. Malakaiti huacha mstari wa kijani hafifu, azuraiti wa samawati, feruzi huacha mweupe au wenye kijani cha mbali sana. Unga wa malakaiti ukidondoshewa asidi hafifu ya hidrokloriki ya maabara hutoa mapovu, kwani ni kabonati, na kimiminika hugeuka kijani. Ongeza amonia kwa wingi, unapata buluu kali inayowafanya wanafunzi wangu waache kupiga soga. Hiyo ndiyo shaba inajitaja. Unga wa hauliti iliyopakwa hautoi buluu hiyo hata ukimimina chupa nzima. Tahadhari moja: vumbi la mawe ya shaba si la kuvuta puani, na mikono hunawiwa kabla ya kushika chakula.

Bila shaka hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi unachoweza kukifanya kwenye pete ya mtu. Bibi mmoja jirani yetu aliniletea pete ya fedha aliyoirithi kwa mama yake, akilalamika: "Mwanangu, hii ilikuwa samawati. Leo imekuwa kijani, wamenibadilishia jiwe?" Nilitazama kwa kioo tu. Mishipa ya kahawia ilikuwa imezama kidogo chini ya uso wa jiwe, ilivyo kwenye feruzi nyingi za asili, haikuwa mistari iliyochorwa juu. Nikamuuliza anavyojipamba. Akacheka: mafuta ya nazi, haludi, asumini, na pete haitoki kidoleni. Jibu likawa ndilo hilo. Feruzi ina vinyweleo, hunywa mafuta, manukato na jasho, na taratibu samawati yake huelekea kijani. Hakuna aliyembadilishia kitu. Nilimwambia avae pete mwisho, akishamaliza kujipaka, na aifute kwa kitambaa kikavu. Ilikotoka pete ile sikuweza kusema, ingawa feruzi iliyosifika katika biashara ya bahari yetu ni ya Nishapur, Uajemi, ambako imechimbwa tangu zama za kale, kama Wamisri wa kale walivyoichimba Sinai.

Wanafunzi nao huniletea vitu. Mmoja alileta fuwele za buluu zinazong'aa akidhani ameokota johari. Nikaitumbukiza moja majini, ikayeyuka: mrututu, salfeti ya shaba. Ni sumu, usiuache mahali penye watoto. Wengine huleta vipande vya chupa vilivyolainishwa na mawimbi; hivyo kwenye kioo cha kukuzia huonesha viputo vidogo vya hewa, na jiwe halina viputo hivyo. Mwingine alikwangua ukungu wa kijani kwenye njumu za mlango wa zamani. Huo ni shaba iliyoliwa na hewa ya bahari, na chumvi yetu ikichangia, kijani hicho kinaweza kuwa na atakamaiti, madini yaleyale yanayochimbwa kwenye jangwa la Chile.

Kilichonifurahisha zaidi sikukiweka kisandukuni. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya mitungi ya karne ya 8 na ya 9 kutoka pande za Ghuba ya Uajemi, vyenye mng'aro wa kijani na samawati. Rangi ile ni oksidi ya shaba iliyoyeyushwa ndani ya mng'aro. Yaani shaba ya kupendeza imekuwa ikiletwa hapa kwa jahazi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na hatukuwa nayo ardhini hata siku moja. Vigae vya namna hiyo ukiviona ufukweni viache palepale na utoe taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale, kwa sababu kikishahama mahali pake kinapoteza nusu ya habari yake.

Kwa mawe ghafi yenyewe nategemea bara na ng'ambo ya bara. Malakaiti nyingi niliyonayo inatoka iliyokuwa Katanga, nchini Kongo, upande wa Kolwezi, na kipande kimoja chenye azuraiti na malakaiti zilizoshikana ndicho nilicholipia ghali kuliko vyote. Kutoka Mbesa, Tunduru, nilipata mawe ya kawaida ya shaba yenye ukoko wa kijani. Hayapendezi kwa mtalii lakini kufundishia ni bora, maana mwanafunzi anaona mwamba, shaba na kutu yake kwa pamoja. Siku zote nanunua kwa mwenye leseni na nadai risiti. Bandarini huulizwa, na karatasi hunusuru muda.

Feruzi ghafi ya Nishapur bado sina. Yupo jamaa anayekwenda Muscat mara kwa mara ambaye ameniahidi kipande. Nimempa kioo changu cha pili na kumfundisha kuchungulia tundu.