Samaki namba 14

Ilikuwa Julai, Moshi ikiwa kwenye baridi yake na mlima haujaonekana kwa siku ya tatu. Boksi la barafu lilikuwa limefika kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu na samaki 22. Tulitaka kuwatenganisha: perege wa asili wa bonde la Pangani, Oreochromis jipe, ambaye yuko hatarini kabisa kutoweka, na wageni waliopandikizwa, yaani sato, Oreochromis niloticus, na yule mweusi wa madoa meupe, Oreochromis leucostictus.

Mama aliyetuletea, aliyeuza samaki soko la Mbuyuni tangu ujana wake, alimwinua mmoja kwa kidole ndani ya shavu.

"Mwalimu, huyu si sato. Na perege naye si huyu."

"Umemjuaje, mama?"

"Mtazame mkia."

Nikamtazama. Sato ana michirizi myembamba ya wima iliyopangika kwenye pezi zima la mkia, kama kitana. Huyu michirizi yake ilianza juu vizuri, ikakatika katikati, na chini ikabaki vidoa tu. Tukampa namba 14.

Picha hutangulia kisu, maana rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Samaki analazwa kichwa kikitazama kushoto, mapezi yanatandazwa kwa pini juu ya mfuniko wa boksi la povu, rula na namba vikae ndani ya picha. Kisha unahesabu miiba ya pezi la mgongo kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja. Sato ana 15 hadi 18. Namba 14 alikuwa na 17, hesabu ambayo peke yake haikumtoa kwenye usato.

Ndipo tukakata kipande cha pezi la ubavuni, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kikaingia kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 96. Ethanoli iwe mara kumi ya nyama au zaidi, na kesho yake ibadilishwe, kwa sababu maji yanayotoka kwenye nyama huipunguza nguvu. Mkasi ufutwe kwa jiki na kusuuzwa kila baada ya samaki, la sivyo unabeba DNA ya huyu kwenda kwa yule. Formalini, dawa ya kuhifadhi miili isioze, isimguse samaki kabla ya kipande kukatwa, kwani huiharibu DNA.

Kosa tulilifanya kwenye namba. Ziliandikwa kwa kalamu ya wino juu ya vifuniko, badala ya penseli kwenye kikaratasi kinachozama ndani ya kichupa. Vichupa sita vikavuja njiani kwenda maabara, ethanoli ikafuta wino wote. Namba 14 alikuwa miongoni mwao. Bahati, samaki walikuwa bado kwenye friza. Tukakata upya.

Majibu yakaja: kipande cha COI, jeni inayotumika kutambua aina za wanyama, herufi za DNA kama 650 hivi, kilisema sato bila wasiwasi. Nilidhani vichupa vimechanganyika tena. Nikakata mara ya tatu, pezi la upande wa pili, mbele ya mashahidi wawili. Sato.

Hapo ndipo ilipobidi kukaa na kufikiri. COI imo kwenye DNA ya mitokondria, vile vijumba vya nishati vilivyo nje ya kiini cha seli, na hiyo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Chotara wa mama sato atasomeka sato hata baba akiwa nani. Iliyo na habari za wazazi wote wawili ni DNA ya kiini cha seli. Tulipopima alama za urithi za huko, kila moja iliyoweza kutofautisha sato na perege wa asili ilitoa nakala mbili tofauti, moja ya sato na moja ya jipe. Chotara wa kizazi cha kwanza, mama mgeni, baba mwenyeji.

Nilirudi Mbuyuni kumwambia mama. Alisikiliza huku akipara magamba, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na huyo anazaa?"

Anazaa, nikamjibu, hawa si kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. Na uzao wake ukirudia kuchanganyika na sato vizazi vichache, hata mkia hautaonyesha tena.

Aliweka kisu chini. "Basi nitakuita kila nikikutana nao," akasema. "Nitawatenga kwenye beseni lao."