Siku nzima nalibembeleza bomba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituo cha basi, baridi ya Ujerumani inang'ata masikio. Mama akinipigia kutoka Tanga huuliza, "Mwanangu, bado unapika ile chumvi?" Simbishii sana. Ninayopika ni sodiamu tupu, ile iliyomo ndani ya chumvi: metali laini inayokatika kwa kisu kama sabuni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 98, na yenye ugomvi mkubwa na maji.

Saa kumi na mbili na robo, maabara: glavu, miwani, kukagua argoni, gesi isiyogombana na sodiamu. Ndani ya mirija myembamba kuna sodiamu ya moto yenye chembe za fedha. Juu tunaweka joto zaidi, chini pungufu. Ukigeuza, ya moto itapanda ikoroge kila kitu, kazi imeharibika. Ikitulia, fedha hujisogeza yenyewe kufuata tofauti ya joto. Mwanasayansi Mjerumani Carl Ludwig aliliona jambo hili kwenye maji ya chumvi mwaka 1856. Wanaojenga vinu vya nyuklia vinavyopozwa kwa sodiamu wanataka kujua metali kama hizi huhamia wapi.

Saa mbili nikakuta mkanda unaolipasha bomba joto umezimika usiku. Sodiamu ndani ya bomba la kutoka tangini imeganda.

Mwanafunzi mgeni akasema, tulipashe katikati, si ndipo palipoziba? Thubutu! Sodiamu ikiyeyuka hutanuka, na ikibanwa na iliyoganda huku na huku, bomba litapasuka. Unaanzia tangini, penye nafasi ya kutanukia, unasogea shubiri moja, unangoja kipimajoto, unasogea nyingine. Pembeni nimeweka ndoo ya unga mkavu wa kuzimia moto, maana hapa maji ni marufuku. Kila dakika kumi mwanafunzi anauliza, "Bado?" Bado. Saa nne, bado. Mkate nimeula koridoni nimesimama, sijui saa ngapi. Magoti yanauma, shingo imekakamaa, na yule bwana mdogo sasa ananiuliza kama kazi hii haichoshi.

Inachosha. Ila mikono yangu inalijua bomba hili kuliko mchoro wake, na hilo silioni aibu kulisema.

Baadaye sana valvu ikazunguka, laini, bila kukwaruza. Nikaandika daftarini: "Saa 11 jioni. Bomba limefunguka. Mirija haijaguswa."

Mama alipopiga nilikuwa bado nimevaa glavu moja.

"Umekula?"

"Mkate, mama."

"Chumvi yote hiyo, halafu mkate mkavu?"