Tabaka dhaifu kwenye theluji: nilivyolikamata kwa beleshi na brashi

Hakuna ushauri unaoniudhi kwenye mchezo huu wa pikipiki za theluji kama ule wa "subiri siku mbili tatu baada ya dhoruba, mlima utakuwa umetulia", yaani theluji haitaporomoka tena. Nimeambiwa hivyo na watu wanaoendesha miaka mingi. Kwa theluji mpya ya kawaida mara nyingi ni kweli, sikatai, ila kuna tabaka la chini ambalo siku tatu hazilihusu, linaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bado bovu vile vile, linangoja uzito tu. Na mashine ya kilo mia mbili na ushee, weka na dereva juu, uzito wake unafika mbali chini kuliko wa mtu mwenye ski.

Msimu ule ulianza na theluji kidogo halafu anga ikakaa safi usiku baada ya usiku, baridi kali. Hapo ndipo theluji inapooza kwa ndani, maana chini karibu na ardhi kuna joto kidogo, juu baridi, mvuke unapanda na punje zinageuka kuwa kubwa, zenye pembe, hazishikani, ukichota mkononi zinamwagika kama sukari. Baadaye ikaja jalidi juu yake, vile vipande bapa vya barafu vinavyoota juu ya theluji, dhoruba ikafunika vyote viwili. Ukiangalia toka chini unaona mlima mzuri mweupe, basi.

Siku hiyo wenzangu walishaanza kunguruma, mmoja ananiambia "si unaona alama za mashine pale, pameshapitwa". Jamani, alama hazithibitishi kitu! Mteremko unaweza kubeba mashine tisa ukakatika na ya kumi, kwa sababu ile ya kumi ndiyo imepita pale theluji ya juu ilipo nyembamba.

Shimo la kwanza tulichimba juu karibu na tuta la mlima. Hatukupata kitu, nguzo ya theluji niliyoikata ya kupimia nikaipiga nikaipiga, imesimama tu. Wote wakaona yameisha, twende. Mimi moyo ukakataa, maana pale upepo unapiga muda wote na upepo huvunja jalidi kabla haijafunikwa, kwa hiyo kuikosa pale ni sawa na kutafuta samaki kisimani. Nikasema tushuke karibu na miti, mahali palipojificha na upepo, mteremko mfupi unaoelekea upande ule ule tuliotaka kupanda na usio na kitu kikubwa juu yake.

Nikachimba zaidi ya mita moja, nikanyoosha ukuta wa shimo, halafu nikatoa brashi. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote: unapitisha brashi polepole kwenye ukuta, usikandamize, theluji ngumu inabaki, laini inaliwa. Ulijitokeza mfereji mwembamba kabisa, umenyooka toka upande mmoja mpaka mwingine, ambao kwa macho matupu usingeuona. Nikakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, beleshi juu, nikaanza kuligonga kwa mkono: mapigo 10 ya kifundo cha mkono, kimya. Mapigo ya kiwiko hayajafika hata nusu, bonge zima likachomoka pale pale kwenye mfereji likaniangukia magotini! Nikageuza upande wa chini, vipande bapa vya jalidi vinametameta, bado vizima. Tukakata nyingine yenye upana wa sentimita 90, tunapiga pembeni tu, ufa ukakimbia mpaka mwisho wa pili kwa pigo lile lile. Hapo hata mbishi wetu alizima mashine.

Kuzima mashine nako watu hawaelewi. Tabaka likivunjika chini yako mlima hutoa mlio mzito, "wuuum", na huo ndio onyo la bure kuliko yote, sasa wewe una injini inanguruma na helmeti masikioni utausikia saa ngapi? Mimi nasimama kila mara, nazima, navua helmeti, natembea kwa miguu kidogo.

Siku ile tulicheza kwenye miteremko ya chini ya digrii 30 tu, na si ile iliyokaa chini ya mikubwa, kwa sababu hilo tabaka linaweza kuvunjwa toka chini na mlima ukakatika juu. Mtu mmoja mmoja mlimani, wengine pembeni wameelekeza mashine njia ya kutokea. Akikwama mwenzio juu, usimfuate, mashine ya pili ndiyo inayoua wote wawili. Transiva, kile kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, iwe mwilini, simu mbali nayo, angalau sentimita 20, na ukiwa unatafuta mtu sentimita 50. Aliyefukiwa ana dakika 10 hivi, baada ya hapo matumaini yanashuka kwa kasi, kwa hiyo waokoaji ni nyinyi mliopo.

Jioni mmoja akasema "mbona hapakuporomoka". Hakuna aliyeupanda ule mteremko, ungeporomoka kwa nini? Wiki kadhaa baadaye nilichimba tena jirani na pale na mfereji bado ulikuwepo, mgumu kiasi kidogo tu.

Brashi yoyote laini ya rangi inafaa, ni vihela tu. Kwenye msumeno wa kukatia nguzo usibane matumizi, ule mfupi haufiki nyuma ya nguzo.