Kidonge cha mtoto ambaye hajaja

Mimba ya kwanza nilienda kliniki ikiwa na miezi minne. Huku kwetu Nkuhungu wala hatuoni kama ni kuchelewa, wengi tunangoja tumbo lituumbue ndipo tukachukue kadi. Nesi akanipima damu, ikasoma 9. Akanipa fefo za mwezi mzima, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Nikamuuliza kama ndizo zinazozuia mtoto asizaliwe na mgongo wazi.

"Kwa hilo umeshachelewa, mama. Hapa tunaongeza damu."

Akanifafanulia kwamba mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Siku 28 zile mimi nilikuwa bado najidanganya kwamba hedhi imevurugwa na safari ya Kondoa! Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini ilikuwa bahati tu.

Kwa hiyo mwaka huu, mimi na mume wangu tulipokubaliana nikatoe kijiti cha uzazi wa mpango, nilitangulia duka la dawa kununua foliki asidi. Inayotakiwa ni mikrogramu 400 kwa siku, unaanza mapema kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Kijana wa dukani akanipa vya miligramu 5. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya mara kumi. "Foliki ni foliki, dada," akaniambia. Si kweli. Dozi kubwa hivyo ni ya mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au ambaye daktari ameona sababu nyingine. Isitoshe, inapunguza nguvu ya SP, zile dawa za kuzuia malaria tunazomezeshwa kliniki. Nikavirudisha, nikahangaika maduka mengine mawili mpaka nikapata vya mikrogramu 400.

Mama mkwe alipokuja kutoka Bahi akavikuta kabatini.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana mama. Ni vya mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Hajaja bado."

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Wao walizaa kwa mlenda, akasema, na wanawe wote wana migongo. Kwa mlenda sibishani na mtu, hasa ukiungwa karanga. Ila majani yaliyoanikwa juani wiki nzima kisha yakachemshwa muda mrefu hubaki na foliki kidogo. Siku hizi napika choroko na kunde mara nyingi zaidi, na vidonge naendelea kumeza, maana chakula peke yake ni vigumu kufikisha kiwango hicho.

Sasa nina wiki 11. Fefo nameza mchana na maji ya ubuyu, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na chai nimeisogeza mbali na mlo kwa sababu huyazuia. Choo kimekuwa cheusi kwa ajili ya hicho chuma. Safari hii sikushtuka.

Kinachonishinda ni pemba. Nikipita soko la Majengo, nikiona yale mawe ya udongo yamepangwa kwenye sinia, mate yananijaa. Najua kabisa udongo hunasa chuma tumboni, damu ikazidi kushuka. Nesi nimemwahidi nimeacha. Kipande kimoja bado kipo kwenye mkoba, mfuko wa pembeni, nimekifunga na karatasi.