Swali la Hakimu

Kabla ya kuwa wakili nilikuwa mkemia katika maabara ya serikali, na watu wanaponiuliza ilikuwaje nikaiacha kemia baada ya kuisomea kwa jasho, huwa nawasimulia asubuhi moja ya mwaka 2017 nilipoitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu katika Mahakama ya Hakimu Mkazi mjini Moshi, katika shauri la mirungi.

Kwa upande wa maabara, kazi ile haikuwa na ugumu wowote. Polisi walikuwa wameleta majani katika bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri, nami nikayapima kwa kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, na kukuta kathinoni na kathini, kemikali mbili zinazoutambulisha mmea huo, ambao kwetu umekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Majani yaleyale yangekuwa upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, yangeuzwa sokoni mchana kweupe, lakini hilo halikuwa la mkemia kulijadili. Taarifa niliyoiandika ilikuwa fupi: namba ya sampuli, kilichopatikana ndani yake, saini na muhuri.

Nilipokwisha kuapa, Wakili wa Serikali aliniongoza kueleza elimu yangu, uzoefu wangu na matokeo ya kipimo. Nilizungumza polepole kwa kufuata kalamu ya Mheshimiwa Hakimu, kwa kuwa mwenendo wa shauri uliandikwa kwa mkono na shahidi anayekimbia huambiwa asubiri. Mshtakiwa alikuwa kijana mwendesha bodaboda. Wakili wake, mzee mwenye sauti ya upole, alinihoji kuhusu lakiri, kuhusu namba iliyoandikwa kwenye bahasha, na kuhusu uwezekano wa mashine kukosea. Hayo yote nilikuwa na majibu yake, kwa sababu ndiyo maswali tunayofundishwa kuyatarajia, na nilipomaliza kueleza jinsi tunavyoikagua mashine kwa sampuli rejea, yaani sampuli ambayo yaliyomo tayari yanajulikana, mzee aliinama kidogo mbele ya Hakimu, akaketi. Nilidhani nimeachiwa.

Hakimu hakuniachia. Aliweka kalamu chini akaniuliza, "Shahidi, majani haya yalipokufikia yalikuwa katika hali gani?"

Taarifa yangu haikuwa na mahali pa kujibu swali hilo. Daftari langu la maabara, ambalo nililibeba kwa mazoea tu, lilikuwa nalo. Niliomba ruhusa ya kulitazama, nikasoma nilichokuwa nimekiandika siku ya kupokea sampuli: majani mabichi, ya kijani, yenye unyevu. Hakimu akaitafuta fomu ya polisi iliyoambatana na bahasha, akasoma kwa sauti tarehe ya kukamatwa kwa mshtakiwa, kisha tarehe ambayo maabara ilipokea sampuli. Kati ya tarehe hizo lilipita zaidi ya juma moja. Akaniuliza kama, kwa utaalamu wangu, mirungi iliyokaa stoo muda wote huo ingeweza kuonekana hivyo.

Hapo ndipo kemia ilipoingia mahakamani. Nilieleza kwamba kathinoni, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, huanza kuvunjika jani likishachumwa na kugeuka kuwa kathini iliyo dhaifu, na kwamba ndiyo sababu mirungi hufungwa kwenye majani ya mgomba ili isikauke. Ndiyo sababu pia magari ya miraa, kama mirungi inavyoitwa Kenya, kutoka Maua, kule Meru, hukimbia kuelekea Nairobi kwa mwendo unaowatisha watu barabarani. Madereva wale hawajasoma kemia, lakini wanaijua kuliko wengi wetu. Nilisema kwamba sikujua majani yale yalihifadhiwa vipi, kwa hiyo nisingeweza kuapa kuwa jambo hilo haliwezekani, ila kama yalikaa katika joto la kawaida ningetarajia kuyakuta yamenyauka na kathinoni imepungua sana, na sivyo nilivyoyakuta. Nilimwona Wakili wa Serikali akiandika kwa haraka. Mzee wa utetezi aliacha kuandika kabisa.

Nilichokisema kilikuwa ndani ya daftari langu tangu mwanzo, na hakuna aliyekificha. Maabara iliulizwa jani hili ni nini, ikajibu kwa usahihi. Kwa kijana yule, hata hivyo, kila kitu kilitegemea kama jani hili ndilo alilokamatwa nalo, na swali hilo halikuwa na mwenyewe mpaka Hakimu alipoliona.

Nje, chini ya mti ambapo mashahidi husubiri, mzee alinifuata. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, lile swali lilikuwa langu, nami nikalipita." Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kusoma sheria. Nilicheka, lakini ndani ya basi la kurudi nilikuwa tayari nahesabu ada.

Baadaye nilisikia kwamba mshtakiwa aliachiwa huru, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, yaani nani alikuwa na majani yale tangu yakamatwe hadi yafike mahakamani. Nilijiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako niliweza kusoma nikiwa kazini, na wenzangu wa maabara hawakukosa la kusema: "Kemia yote hiyo, halafu ukauze maneno?" Nilipoisoma hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Paulo Maduka, Rufani ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, inayotaka kuwepo kumbukumbu za maandishi zinazofuatana za jinsi kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyopimwa, nilijiona niko nyumbani. Ndivyo tulivyoijaza rejesta ya sampuli kila siku. Baadaye Mahakama hiyohiyo ilisema sharti hilo halibani sana kwa vitu visivyobadilishwa mikono kwa urahisi. Jani ni kitu kingine kabisa.

Kilichonitia hofu ni Shule ya Sheria, ambako mhitimu wa sheria hupata mafunzo kabla ya kuwa wakili, hasa baada ya matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022, ambapo watahiniwa 26 tu kati ya 633 walifaulu masomo yote kwa mkupuo wa kwanza. Niliingia hivyohivyo, nikaacha kazi, na mwaka ule wa mafunzo sina hamu ya kuusimulia.

Siku hizi, shauri likiniletea taarifa ya maabara, huwa sianzi kubishana na matokeo. Naomba kwanza mpimaji aje na daftari lake, na mara nyingi upande wa pili huuliza la nini.